NENO 'BANK' NA MPAKA KATI YA HOMONIMIA NA POLISEMIA: FUNZO KWA UCHUNGUZI WA VITAWE VYA KISWAHILI

Utangulizi

Ni nadra kupata darasa la semantiki katika chuo kikuu ambamo neno la Kiingereza 'bank' halijawahi kuandikwa ubaoni. Mhadhiri anapofikia mada ya homonimia huliandika mara mbili, akatia nambari 1 pembeni mwa la kwanza na nambari 2 pembeni mwa la pili, kisha akaeleza kwamba la kwanza ni mahali pa kuwekea fedha na la pili ni ukingo wa mto. Maana hizi mbili, huambiwa wanafunzi, hazina uhusiano wowote. Zimejikuta katika umbo moja kwa sadfa, kama abiria wawili wasiojuana walioketi kiti kimoja ndani ya matatu. Mfano huu haukubuniwa na wahadhiri wetu. Umo katika vitabu vya semantiki vya Kiingereza, kikiwemo kile cha Lyons (1995), na ni huko ulikotoka ukaingia katika mihadhara ya Kiswahili.

Pamoja na mfano huo hutolewa fasili. Homonimu, husemwa, ni maneno mawili au zaidi yenye umbo moja na asili tofauti. Polisemi ni neno moja ambalo maana zake kadhaa zimechipuka kutoka asili moja. Fasili hii ni fupi, inakaririka, na hufaa sana wakati wa mtihani. Ubaya wake ni kwamba haipatani na mfano unaotolewa kuieleza. Yeyote atakayefungua kamusi ya etimolojia ya Kiingereza atakuta kwamba 'bank' ya fedha na 'bank' ya mto ni za ukoo mmoja. Kwa kuifuata fasili, basi, 'bank' ni polisemi. Kwa kuzifuata hisia za wazungumzaji wa Kiingereza, ni homonimu. Mwanafunzi anayejibu 'polisemi' hukosa alama, ilhali ndiye aliyeitumia fasili ya mhadhiri wake kwa uaminifu zaidi.

Jambo hili lingekuwa dogo kama lingehusu Kiingereza pekee. Lakini fasili hiyo hiyo ndiyo inayotumiwa kuyapima maneno ya Kiswahili. Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya huyajua maneno ya aina hii kwa jina la vitawe, na hatakiwi kuyagawa; hutakiwa tu kutunga sentensi zinazobainisha maana zake. Afikapo chuo kikuu huambiwa ayatenganishe mafungu mawili, na kigezo anachopewa ni asili. Makala haya yanafuatilia safari ya neno 'bank' ili kuonyesha kwamba asili haiwezi kubebeshwa kazi hiyo, na kisha yanaviweka mizanini baadhi ya vitawe vya Kiswahili.

Safari ya neno 'bank'

Wataalamu wa isimu historia wameunda upya mzizi wa kale katika familia ya lugha za Kijerumaniki, yaani kundi linalojumuisha Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia. Mzizi huo, unaoandikwa *bank-, ulihusu kitu kilichoinuka na kurefuka: tuta la udongo kwa upande mmoja, kikalio kirefu kwa upande mwingine. Si vigumu kuona jinsi dhana hizi mbili zilivyoweza kukaa pamoja. Mtu anayejenga kibaraza cha udongo kando ya ukuta wa nyumba yake ametengeneza tuta na kikalio kwa wakati mmoja.

Kutoka hapo neno liligawanyika na kufuata njia mbalimbali, na ajabu ni kwamba karibu njia zote hatimaye ziliishia Uingereza.

Njia ya kwanza ilipita Skandinavia. Watu wa kaskazini walioanza kuivamia Uingereza na kisha kufanya makao huko tangu karne ya 9 walikuwa na neno la namna hii kwa maana ya mwinuko wa ardhi. Katika Kinorse cha Kale limehifadhiwa kama 'bakki', na Wadenmaki wa leo bado husema 'bakke' kwa maana ya kilima. Katika maandishi ya Kiingereza neno 'bank' la mwinuko huonekana mnamo mwaka 1200. Hili ndilo la mto. Ndilo pia la mawingu au ukungu uliorundikana, la theluji iliyolundwa na upepo, na la fungu la mchanga baharini. Jina North Kenya Bank, wanaloitwa wavuvi na wataalamu wa bahari eneo la maji machache mkabala na pwani ya kaskazini ya Kenya, limetoka katika tawi hili wala halina habari na akiba ya mtu yeyote. Rubani anaposemwa kwa Kiingereza kwamba 'ame-bank' ndege, maana yake ameilaza upande mmoja ili ikate kona, kwa kuwa inainama mfano wa mteremko wa ukingo. Hata kuufukia moto kwa majivu ili usizimike usiku, kazi aijuayo kila aliyelelewa jikoni penye mafiga, Kiingereza huitaja kwa kitenzi hiki hiki: ni kulundika.

Njia ya pili ilipita Ufaransa. Kifaransa kilikuwa kimelipokea neno hilo la Kijerumaniki kwa umbo 'banc', kikalio kirefu, na kutoka huko Kiingereza kilikopa 'bank' kwa maana ya benchi, hasa lile wanaloketi wapiga makasia ndani ya merikebu. Kwa kuwa wapiga makasia hukaa kwa safu, maana ilihama kutoka benchi hadi safu ya makasia, na baadaye safu ya vitu vyovyote: swichi, taa, vitufe vya kinanda. Maana hii haitajwi sana darasani, na hilo ni kosa, kwa sababu ndiyo inayolifunua fumbo. Je, 'bank' ya taa na 'bank' ya fedha ni neno moja au mawili? Wengi wa wanaozungumza Kiingereza wangejibu 'mawili' bila kusita, ingawa zote mbili zimetoka katika benchi.

Njia ya tatu ndiyo yenye visa vingi zaidi. Ilipita Italia. Katika miji ya kibiashara ya Italia ya enzi za kati, wabadilishaji wa fedha waliketi sokoni nyuma ya benchi au meza, sarafu za miji mbalimbali zikiwa zimetandazwa mbele yao. Benchi hilo liliitwa 'banco' au 'banca'. Kwa metonimia, jina la samani likawa jina la kazi, kisha jina la jumba, kisha jina la taasisi. Kufikia mwaka 1472, ilipoanzishwa ile ya Siena ambayo leo huitwa Monte dei Paschi, shughuli hii ilikuwa imekwisha kukomaa. Kiingereza kililipokea neno hili mwishoni mwa karne ya 15, likiwa limepitia Kifaransa 'banque', na mwaka 1694 Bank of England ikaundwa.

Benchi hilo la Italia lilizaa watoto wengine ambao Kiingereza kiliwachukua bila kujua kuwa ni ndugu. Mfanyabiashara aliyeshindwa kulipa madeni alisemwa kuwa 'banca rotta', benchi lililovunjika, na ndiko lilikotoka 'bankrupt'. Kuna masimulizi kwamba wadai walilivunja benchi lenyewe hadharani; yawezekana masimulizi hayo yalizuliwa baadaye ili kulieleza neno. 'Banquet', karamu, ni benchi dogo. 'Mountebank', mganga wa uongo, ni yule aliyepanda juu ya benchi sokoni ili umati umwone anapozinadi dawa zake. Aliyewahi kusimama penye kituo cha mabasi cha mji wowote wa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi.

Msomaji wa Kiswahili atatambua kwamba kuhama kwa maana kutoka samani hadi taasisi si upekee wa Waitalia. Kigiriki kilifanya vivyo hivyo bila msaada wao: neno 'trapeza', meza, ndilo linalotumika katika maandishi ya Kigiriki ya Agano Jipya kwa meza za wabadilishaji fedha hekaluni (Mathayo 21:12) na pia kwa mahali pa kuwekeza fedha zizae riba (Luka 19:23), na hadi leo ndilo jina la benki katika Kigiriki. Waarabu walishika njia nyingine. Wao hawakuitazama meza bali tendo la kubadilisha: 'masrif', benki, limetokana na mzizi s-r-f, ambao ndio uliotupa 'sarafu'. Na pale Kiingereza kinaposema benchi limevunjika, Kiswahili husema mtu amefilisika, neno lenye asili ya Kiarabu na la ukoo mmoja na 'fulusi'. Wanaleksikografia wa Kiarabu walilieleza hivi: mtu huyo alikuwa na fedha nyeupe, sasa amebaki na vipande vya shaba tu. Kwa hiyo 'fulusi' ni fedha, na 'muflisi' ni asiyekuwa nazo. Ni watumiaji wangapi wa Kiswahili wanaohisi kwamba maneno haya mawili ni ndugu?

Ndugu waliosahauliana

Swali hilo ndilo kiini cha mjadala. Undugu wa maneno ni jambo la kihistoria. Kuhisiwa kwa undugu huo ni jambo la leo. Mawili haya hayalazimiki kwenda pamoja.

Lugha za Ulaya zenyewe zimelitendea neno hili kwa namna tofauti, na tofauti hizo ni funzo zuri. Katika Kihispania, 'banco' ni benki na ni benchi la bustanini. Mtu anaweza kuketi juu ya moja akiingojea nyingine ifunguliwe. Kijerumani kina umbo moja katika umoja, 'Bank', lakini wingi umewatenganisha: 'Bänke' ni mabenchi, 'Banken' ni mabenki. Kifaransa kimetumia maumbo mawili, 'banc' na 'banque'. Kiitaliano, ambacho ndicho kilichoanzisha kisa chote, leo kina 'banca' kwa benki na 'panca' kwa benchi la kukalia, na zote mbili zinarejea kwenye mzizi ule ule wa Kijerumaniki kwa njia mbili tofauti.

Asili ni moja katika lugha zote nne. Kama asili ingekuwa ndiyo mwamuzi, hukumu ingekuwa moja. Lakini ni wazi kwamba Mjerumani anayetumia wingi tofauti amekwisha kuyafanya kuwa maneno mawili, hata kama hajui lolote kuhusu masoko ya Siena. Ullmann (1962) alilieleza jambo hili alipoonyesha kwamba homonimu hazizaliwi kwa migongano ya sauti pekee. Nyingine ni polisemi za zamani ambazo maana zake zimetengana mpaka uzi uliokuwa ukiziunganisha ukakatika. Mfano wake maarufu ni 'flower', ua, na 'flour', unga. Unga mzuri uliitwa ua la nafaka, yaani sehemu yake bora, na hadi karne ya 18 tahajia za maneno hayo zilikuwa zikichanganywa. Leo mtoto wa Kiingereza anayeambiwa kwamba chapati na waridi vina neno moja atadhani anafanyiwa mzaha.

Kinyume chake pia hutokea, nacho kinaiumiza zaidi fasili ya asili. Kiingereza kina 'ear', sikio, na 'ear', suke la nafaka. Wazungumzaji wengi huona uhusiano ulio dhahiri: suke limechomoza kwenye bua kama sikio lilivyochomoza kwenye kichwa. Ni sitiari nzuri, ila si ya kweli kihistoria. Katika Kiingereza cha Kale yalikuwa maneno mawili yenye mizizi tofauti kabisa, moja likihusiana na kusikia na jingine na ncha kali. Sauti zilibadilika, maumbo yakafanana, kisha watu wakayaundia undugu. Kwa hiyo 'bank' ni ndugu waliosahauliana, na 'ear' ni wageni waliochanjiana damu. Fasili inayotegemea asili itakosea kotekote.

Bila shaka yapo maneno ambamo historia na hisia zinakubaliana. 'Pen' ya kuandikia ilitokana na Kilatini 'penna', unyoya, kwa sababu kalamu za zamani zilikuwa manyoya ya ndege. 'Pen' ya kufungia mifugo ni neno la Kiingereza cha Kale. Hayana uhusiano wa damu na hakuna anayeyadhania kuwa nao. Ni neno hili alilolitumia Bar-Hillel (1960) kuonyesha ugumu wa tafsiri kwa kompyuta: mashine itajuaje kwamba kasha la mtoto limo ndani ya kizimba chake cha kuchezea, wala si ndani ya kalamu? Kama wahadhiri wanataka mfano safi wa homonimia, 'pen' ingewafaa kuliko 'bank'.

Benki na benchi katika Kiswahili

Kiswahili hakikurithi chochote katika ukoo huu, kilikopa. Lakini kilichokopa kinastaajabisha. Wareno, waliojenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa kuanzia mwaka 1593, walikuwa na neno 'banco' kwa kikalio na kwa shughuli za fedha. Walituachia 'meza', hawakutuachia 'banco'. Neno lilisubiri Waingereza. National Bank of India ilifungua tawi Zanzibar mwaka 1892 na Mombasa mwaka 1896, na taasisi ya aina hiyo ilihitaji jina. Kiingereza ndicho kilichotupa 'benki', na kutoka Kiingereza hicho hicho tukapata 'benchi'.

Maneno haya mawili ya mkopo ni ndugu wa damu. Tofauti ya /k/ na /ch/ baina yao si ya Kiswahili. Imesafiri nayo kutoka Kiingereza cha Kale, ambamo /k/ ya mzizi wa kale iligeuka kuwa /ch/ katika mazingira ya irabu ya mbele, na 'benc' ikawa 'bench'. Mwanafunzi wa fonolojia ya Kiswahili hawezi kushindwa kuitambua kanuni hiyo. Ni jamaa ya ukaakaaishaji unaogeuza ki- kuwa ch- katika 'chama' na 'chumba'. 'Bank' za Kiingereza zilizotoka Skandinavia, Ufaransa na Italia hazikupitia badiliko hilo, kwa hiyo zilibaki na /k/. Kwa upande mwingine, irabu /e/ ya 'benki' isimpotoshe mtu akadhani imetoka katika 'bench'. Hiyo ni tabia ya Kiswahili kuipokea irabu ya Kiingereza iliyo katika 'bag', 'badge' na 'band', tukapata 'begi', 'beji' na 'bendi'.

La muhimu zaidi ni kile ambacho hakikukopwa. 'Benki' iliingia na maana moja tu. Ukingo wa mto ulibaki ukingo, na mwinuko wa mchanga baharini ulibaki fungu, kama katika jina la Fungu Yasini karibu na Dar es Salaam. Hali ni hiyo hiyo kwa 'match': tulichukua ile ya mchezo tukaiita 'mechi', tukaiacha ile ya njiti ya moto kwa sababu tulikuwa tayari na 'kibiriti', neno la Kiarabu ambalo maana yake ya msingi ni salfa. Mtu angeshawishika kusema kwamba ukopaji ni ushahidi wa homonimia: lugha kopaji imechukua kimoja bila kukivuta cha pili, basi vilikuwa viwili tangu mwanzo. Hoja hii inavutia, lakini isichukuliwe kuwa kipimo. Lugha hukopa maana moja hata ya polisemi iliyo wazi, kwani mkopaji huchukua anachokihitaji siku hiyo.

Baada ya kuingia, 'benki' ilianza kuzaa maana zake yenyewe. Benki ya damu ni tafsiri sisisi ya istilahi iliyoasisiwa na Daktari Bernard Fantus katika Hospitali ya Cook County, Chicago, mwaka 1937. Benki ya mbegu na benki ya maswali zikafuata. Hapa hakuna shaka kwamba ni polisemia, maana kila mtumiaji wa Kiswahili anaona kwamba mnawekwa kitu leo ili kitolewe kesho. 'Benchi' nalo halikulala: watangazaji wa soka huzungumzia 'benchi la ufundi' wakiwa na maana ya kocha na wasaidizi wake, na mchezaji 'huwekwa benchi' hata akiwa amesimama. Samani imekuwa watu, kama ilivyokuwa Siena.

Vitawe vya Kiswahili mizanini

Tukirudi kwa vitawe vyetu, fasili ya asili inakumbana na kikwazo cha ziada. Historia ya maneno ya Kiingereza imeandikwa kwa karne nyingi na inaweza kukaguliwa kwa mwaka na kwa mwandishi. Kwa maneno mengi ya Kiswahili yenye asili ya Kibantu, historia inapatikana kwa kulinganisha lugha, na ulinganisho huo haujamfikia mwanafunzi wa kawaida. Kumwambia agawe vitawe kwa kigezo cha asili ni kumtuma kisimani bila ndoo.

Neno 'kaa' ni mfano wa pale ambapo ulinganisho unasaidia. Kiswahili kimepoteza konsonanti iliyokuwa baina ya irabu mbili katika maneno mengi: 'njaa' yetu ni 'enjala' kwa Waganda na 'njala' kwa Wachewa. Vivyo hivyo kitenzi 'kaa' ni 'ikara' katika Kikuyu, na 'makaa' ni 'makara'. Udondoshaji huo umeyafupisha maneno na kuongeza nafasi ya kugongana. Juu ya hayo, Kiswahili kina 'kaa' mwenye magando. Hapa hatuhitaji kamusi ya etimolojia ili tutoe hukumu. Kitenzi hakina ngeli. Kaa wa baharini yumo katika A-WA. Kaa la moto limo katika LI-YA. Kama wingi wa Kijerumani ulivyotenganisha 'Bänke' na 'Banken', ngeli zetu zimetenganisha vitu hivi mbele ya macho yetu, na hakuna mzungumzaji anayedai kuvihusisha.

Je, basi ngeli iwe ndiyo kipimo kipya? Baadhi ya wanafunzi huikimbilia kwa sababu inaonekana, nayo ni bora kuliko asili isiyoonekana. Hata hivyo inapwaya pande zote mbili. 'Mto' wa maji na 'mto' wa kulalia zote ni U-I, zote wingi wake ni 'mito', na bado hakuna anayehisi kwamba anaulalia mto Tana. Kwa upande wa pili, 'ndege' mwenye mbawa huchukua upatanisho wa A-WA, na 'ndege' ya abiria kwa wengi huchukua I-ZI. Kwa kipimo cha ngeli tungetangaza homonimia. Lakini sitiari bado i hai kabisa. Mtoto wa miaka mitano anaiona. Badiliko la ngeli hapa linaonyesha tu kwamba chombo si kiumbe, halionyeshi kwamba uhusiano wa maana umekatika. Mkazo nao, unaotenganisha 'barabara' ya magari na 'barabara' ya kusema jambo limefanywa sawasawa, ni kipimo chenye nguvu ila hutumika kwa maneno machache mno.

Kinachobaki ni wazungumzaji. Lyons (1977) alikwisha kukitilia shaka kigezo cha etimolojia kwa hoja kwamba mzungumzaji wa kawaida haijui historia ya maneno yake na wala haihitaji ili ayatumie. Hoja hiyo ina uzito zaidi kwetu kuliko kwa Waingereza. Fasili inayofundishwa ingestahili kugeuzwa: homonimia iwe ni hali ambapo wazungumzaji wa leo hawaoni uhusiano wa maana, polisemia iwe ni hali ambapo wanauona, na asili ibaki kuwa maelezo ya jinsi hali hiyo ilivyotokea. Pingamizi linajulikana. Wazungumzaji hawakubaliani wao kwa wao, na uhusiano wa maana ni suala la kiwango, si la ndiyo au la. Ni kweli. Lakini afadhali kipimo kinachokubali kwamba mpaka una ukungu kuliko kile kinachochora mstari mnyoofu mahali pasipo.

Ukungu huo unaonekana vizuri katika neno 'mbuzi'. Kijana aliyelelewa Pwani ameikalia mbuzi ya kukunia nazi au amemwona bibi yake akiikalia: ubao unaokunjuka ukasimama kwa miguu, na mbele yake chuma chenye meno kilichochomoza kama kichwa cha mnyama kwenye shingo. Kwake yeye si ajabu kwamba kifaa kimepewa jina la mnyama. Sasa achukuliwe mwenzake aliyekulia Kitale au Kisii, ambaye nazi ameijua ikiwa unga ndani ya pakiti dukani. Huyu amekutana na 'mbuzi' ya pili katika orodha ya vitawe shuleni, akaikariri bila kuiona. Kwa wa kwanza neno hili ni polisemi. Kwa wa pili limekwisha kuwa homonimu, na wote wawili wamo katika darasa moja la mwaka wa pili. Mtunga kamusi atawapa kidahizo kimoja au viwili? Asili haitamsaidia, na ngeli itamsukuma upande mmoja tu. Itambidi atoke ofisini, awaulize watumiaji wa Lamu, wa Mombasa, wa Eldoret na wa Bungoma, awaulize wazee na vijana, aandike wanachosema. Hiyo ni kazi ambayo mwanafunzi yeyote wa Kiswahili mwenye daftari na likizo ya wiki tatu anaweza kuianza.